Siku Toleo la Zamani Lilipofutwa

Walikutana kwenye foleni ya lifti, watu wamebanana. Mwanamke kavaa blauzi ya njano, mwanamume buti zenye tope.

"Samahani dada, nimekukanyaga."

"Mara mbili."

"Ya pili nilitaka unitazame."

Akacheka, na kwisha habari yake.

Mwanamke alikuwa mtunzaji wa programu ambayo mafundi huitumia kuingia kwenye kompyuta za mbali kwa usalama. Mwanamume, fundi wa pampu za maji, aliitumia hiyohiyo kila asubuhi kuendesha mitambo ya milimani akiwa mjini. Mitambo yenyewe ilikuwa mikongwe, haielewi ila toleo la kwanza la programu. "Wewe ndiye unayenibakiza mjini, laazizi," humtania. "Programu ikigoma, nahamia huko."

Basi, likagundulika tundu katika toleo hilo. Mwizi angeweza kuingia bila nenosiri, na dawa ilikuwa moja tu, kulifuta. Na mwiko wa kazi ile ni kwamba tundu halitajwi kwa mtu wa nje mpaka programu mpya itoke. Hata kwa mchumba. Wiki nzima mwanamke alimtazama mpenzi wake akila, akipiga soga, naye moyo unamwungua. Angefanyaje? Kuliacha ni kuwaachia wezi mitambo ya watu wote, ya mpenzi wake ikiwemo.

Akalifuta.

Asubuhi simu ikalia. "Mpenzi, mitambo imenikatalia."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

"Tukala pamoja, tukacheka, na wewe unajua. Kama umenichoka si ungesema tu, mama?"

Akakata. Mwanamke akapiga tena na tena, wapi.

Jioni alimkuta mwanamume mlangoni pa ofisi, macho mekundu.

"Nimesoma tangazo la tundu. Kumbe mtu angenizimia pampu, watu wakose maji."

"Sikuruhusiwa kukwambia."

"Ningekuwa wewe ningelifuta pia. Hapo ndipo panaponiuma, sina hata wa kumlaumu."

"Hawanunui mitambo mipya?"

"Wakubwa wamesema hii itumike mpaka ife. Kesho nahamia milimani."

"Nioe, twende wote."

Mwanamume alimshika mashavu. "Na programu itatunzwa na nani?"

Nyuma ya mwanamke, mezani, simu zilikuwa zinalia, watu wengine wakitaka kujua kwa nini mitambo yao imewakatalia.

"Nenda kapokee," alimwambia.

Akaenda.