Aliyekaa Mahali pa Mzee Brumley

Robo saa kabla ya mchezo wa mpira wa kikapu wa chuo, Jumamosi ya mwisho ya Februari, mzee Ansel Brumley alifika kwenye dirisha la tiketi kwa kiti chake cha magurudumu, akaambiwa kwamba Ansel Brumley ameshaingia.

Ikabidi aitwe Lorna Stutsman, msimamizi wa milango, mwanamke aliyestaafu upolisi wa barabarani hapo hapo Indiana na ambaye bado alitembea kama mtu anayetafuta wa kumwandikia faini.

"Alikuja mtu kwenye kiti cha magurudumu," Mavis, muuza tiketi wa dirishani, alisema. "Akataja jina, nikampa bahasha ya tiketi uliyomwekea."

"Hukumwomba kitambulisho?"

"Si wewe mwenyewe uliyetukataza, Lorna? Ulisema watu wa viti vya magurudumu tusiwahoji, tusiwakodolee macho. Hata usoni sikumtazama."

Lorna hakuuliza zaidi, na alipaswa kuuliza. Alimgeukia mzee. "Subiri hapa, Bwana Brumley. Nitakurudishia nafasi yako."

"Fanya hima, binti yangu. Jarrett anaanza."

Mji mzima ulijua. Jarrett, mjukuu wake, alikuwa amekaa benchi miaka minne. Leo chuo kiliwaaga wanaohitimu, na kwa desturi wanaohitimu ndio wanaoanza. Baada ya dakika chache kocha angemrudisha benchini na maisha yake ya mpira yangeishia hapo. Mzee alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya dakika hizo tu.

Jukwaa la viti vya magurudumu lilikuwa na nafasi nne zisizo na namba, na watu wa zimamoto hawakuruhusu ya tano. Lorna alikuta zote zimejaa. Walikuwepo dada wawili wa Yoder, wateja wa miaka mingi. Alikuwepo Verlin, mdogo wake Lorna mwenyewe, aliyepasuliwa goti msimu wa kupukutika majani na kuwaambia watu kwamba maumivu yamemrudia, naye amerudi kwenye kiti cha magurudumu. Wa nne alikuwa kijana mgeni aliyekalia kiti cha kawaida, miguu yake mizima.

"Umepata tiketi, Verlin?"

"Kwa simu, dada. Kwa bahati tu."

"Wenye bahati ni walioko mbele," bibi Yoder mkubwa alidakia. "Sasa hivi watasimama wote mpaka timu yetu ipate kikapu cha kwanza, na sisi tutazame makalio kama kila mwaka."

"Nunua ubao wa kuonyesha picha za mchezo, Lorna," Verlin aliongeza. "Huu wa pointi tu hautusaidii."

Lorna hakucheka. Nyuma ya jukwaa alikiona kiti cha magurudumu cha kuazima, mali ya uwanja, kimeachwa kitupu. Akajumlisha haraka.

"Kiti kile umekuja nacho wewe?" alimwuliza kijana.

"Ndiyo, mama."

"Na sasa umepona? Simama, twende nje."

Watu waligeuka. Kijana alisimama, masikio yakiwa mekundu, akamfuata ukumbini mpaka dirishani. Njiani alisimama mara mbili akishika ukuta, na Lorna alidhani ni maigizo.

"Mavis, ndiye huyu?"

"Huyu? Hapana! Yule alikuwa na sauti ya mtu mzima."

Kijana alifungua vifungo viwili vya shati. Kovu lilimshuka kifuani kutoka shingoni. "Ni moyo, mama. Kutoka maegesho ya magari siwezi kutembea mpaka hapa. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Lorna alitamani ardhi ipasuke. Kabla hajapata la kusema, uwanja mzima ulilipuka kwa kelele, na kipaza sauti kikatangaza aliyefunga: "Jarrett Brumley!" Mzee Ansel, pale pale penye dirisha, aligeuza uso ukutani.

Lorna alimrudisha kijana jukwaani akimwomba radhi kila hatua. Jarrett alikuwa ameshatolewa. Verlin alikuwa anang'aa.

"Umekosa, dada! Alirudi nyuma hatua moja, ncha ya kiatu imebakiza unywele tu kugusa mstari, akaachia. Pointi tatu!"

"Sisi tumesikia kelele tu," bibi Yoder alisema. "Migongo, migongo."

Lorna alimgeukia mdogo wake.

"Kiatu chake ulikionaje, Verlin?"

"Si kwa macho?"

"Watu wote walikuwa wamesimama. Uko sawa na bibi Yoder, bega kwa bega."

"Nilijiinua kidogo."

"Kwa goti lipi?"

Verlin alilifunika goti kwa mkono.

"Bahasha umechukua wewe," Lorna alisema.

"Wewe ndiye uliyesema mezani Jumapili!" Verlin alisema. "Ulisema umemwekea bahasha, ila hali yake mbaya, labda hatakuja. Tiketi zilikuwa zimekwisha. Nilidhani nafasi itakaa bure."

"Na goti?"

"Lilipona Desemba." Alishusha sauti. "Miaka yote nimekaa kule juu kabisa, Lorna, hakuna anayejua jina langu. Nilipokuja na kiti hiki watu walinifungulia milango. Waliniuliza hali yangu. Nikashindwa kukiacha."

Lorna aliona haya mara mbili, kwa damu yake na kwa mdomo wake mwenyewe ulioropoka. "Simama," alisema.

Verlin alisimama mbele ya watu na kusukuma kiti chake kitupu hadi nje. Hakuna aliyemzomea. Dada wa Yoder waliangalia pembeni, na hilo lilimuuma zaidi.

Mzee Ansel alikuwa bado dirishani. Lorna alimweleza yote, bila kujificha nyuma ya neno lolote, kisha akasubiri matusi.

"Kwa hiyo wewe uliona," mzee alimwambia Verlin.

"Niliona, Bwana Brumley. Nisamehe."

"Nieleze."

Verlin alieleza. Ilimbidi arudi nyuma hatua moja ili kuonyesha, kwa goti lake zima, na mzee aliifuata miguu ile kwa macho.

"Mpira ulipoingia, alifanya nini?"

"Alitazama jukwaani."

"Akaona nini?"

Verlin aliushika mkono wa kiti chake kitupu.

"Aliniona mimi," alisema, "nimesimama mahali pako."