Barua Isiyo na Muhuri

Nelvine hakuwa na pasipoti. Hakuwa na sanduku la safari wala koti la baridi kali. Hakuwa na dada, mjomba wala binamu aliyewahi kuingia chuo kikuu, ambaye angemuuliza mambo. Ndege alizijua zikiwa juu angani tu. Na nyumbani kwao, karibu na Litein, hakukuwa na mtu wa kumwambia ile fomu aliyokuja nayo ilitaka nini hasa.

Ilikuwa Aprili 1996. Nelvine alikuwa mwaka wa pili, akisomea mambo ya maziwa. Chuo chake kilikuwa kimepatana na chuo kimoja cha Ayalandi. Wanafunzi wawili wangekwenda kusoma huko mwaka mmoja, nauli ikilipwa, kisha warudi kumalizia nyumbani. Fomu ilitakiwa irudi katika muda wa siku kumi.

Asubuhi hiyo familia ilikuwa shambani ikichuma majani chai. Kila mtu alikuwa na kikapu mgongoni.

"Huko Ayalandi kuna mursik?" nyanya yake aliuliza.

"Kuna maziwa mengi sana, kogo."

"Sijauliza maziwa. Nimeuliza mursik, ile ya kugandishwa kibuyuni, yenye mkaa."

"Hiyo hakuna."

"Basi hao watu ndio wanahitaji kufundishwa!"

Wote walicheka isipokuwa mama yake.

"Mtoto akienda ng'ambo anapotea," mama alisema. "Na mambo hayo ni ya watoto wa wakubwa. Sisi tunajulikana na nani?"

"Hilo niachie," alisema Kipkurui, baba yake.

Fomu ilitaka barua kutoka kwa mtu anayemfahamu mwanafunzi. Kipkurui alivaa suruali iliyopigwa pasi, akazunguka siku tatu. Alikwenda kwa chifu. Alikwenda kwa diwani. Alikwenda kwa mzee wa kanisa. Alirudi na barua tatu zenye mihuri mitatu, akaziweka mezani kwa furaha.

"Sasa wakatae waone!" alisema.

Siku ya nne ng'ombe wao alihitaji kupandishwa, na Muriuki akaja na pikipiki yake. Muriuki alikuwa ofisa wa mifugo. Watu walimwita daktari. Alipomaliza kazi alinawa mikono, akaketi kunywa chai.

"Daktari, wewe umesoma," Kipkurui alisema. "Hebu ona barua za binti yangu."

Muriuki alisoma ya kwanza: Namjua baba yake. Ni mtu wa heshima. Alisoma ya pili: Familia hii haijawahi kusumbua serikali. Ya tatu ilisema kwamba babu yake alitoa kiwanja cha kanisa. Muriuki akaanza kucheka.

"Baba Nelvine, hizi ni barua nzuri sana. Ungekuwa unamtafutia kijana wako mke, ungepewa bibi leo jioni!"

"Kwani zina makosa gani?"

"Nelvine yuko wapi humu ndani? Wamekusifu wewe, wamemsifu marehemu mzee. Anayesafiri ni nani?"

Kipkurui alizipanga upya zile barua mezani. Kwao, mtu hutambulishwa kwa baba yake na kwa ukoo wake. Hakujua njia nyingine.

Muriuki alimgeukia Nelvine. "Na wewe mwenyewe umeandika nini?"

Nelvine alimpa karatasi yake kwa aibu. Ilisema: Mimi ni mtoto wa mkulima maskini. Naomba mnisaidie.

"Hata mimi niliandika hivi," Muriuki alisema. "Baba yangu alikuwa akichoma makaa huko Londiani. Hakuna mtu wetu aliyewahi kusoma. Nilipotaka kwenda Uholanzi nililia kwenye karatasi, na mara ya kwanza nikakataliwa. Mwalimu mmoja akaniambia, hawa hawatafuti wa kuhurumiwa. Wanatafuta mfanyakazi. Waeleze ulichofanya."

"Lakini sijafanya kitu, daktari."

"Mwaka jana maziwa ya kikundi cha kina mama yalikuwa yakirudishwa na kiwanda kwa kuharibika. Siku hizi hayarudishwi. Nani alifanya hivyo?"

"Hiyo ilikuwa tu wakati wa likizo..."

"Hiyo ndiyo kazi! Nenda kwa Mama Rachael akuandikie barua."

Kipkurui aliruka. "Rachael? Huyu wa mikebe ya maziwa? Hana ofisi. Hana hata muhuri!"

"Ana macho," Muriuki alisema. "Alimwona akifanya kazi."

Rachael alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha maziwa. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima. Aliandika kwa Kiswahili, polepole, na Muriuki akatafsiri kwa Kiingereza. Barua ilikuwa hivi:

Maziwa yetu yalirudishwa mara tisa kwa mwezi mmoja. Nelvine alikuja alfajiri kwa wiki mbili. Alinusa kila mtungi. Akasema mitungi ya plastiki ina mikwaruzo inayoficha uchafu, tununue mikebe ya alumini. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote. Hakukasirika. Alirudi kesho yake na kuleta maziwa katika mtungi wa plastiki na katika mkebe wa alumini, tuonje wenyewe. Tulinunua mikebe. Tangu Agosti hayajarudi hata mara moja.

Mama yake Nelvine alisikiliza barua ikisomwa. "Huyu ni mtoto wangu?" aliuliza. Kisha akamgeukia Muriuki. "Na wewe ulirudije kutoka Uholanzi?"

"Kwa ndege, Mama Nelvine!" Kisha akaacha mzaha. "Nafasi hii ina mwanzo na mwisho. Jina lake linabaki katika chuo chake cha hapa nyumbani. Ila, Nelvine, uliza ofisi ya chuo kama masomo ya kule yatahesabiwa, na ujibiwe kwa maandishi. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vitafute sasa, pasipoti huchukua muda. Na mtu wa mtaani akisema anauza nafasi, mkimbie."

Nelvine aliandika upya barua yake. Safari hii hakulia. Fomu ilifika chuoni zikiwa zimebaki siku mbili.

Mwezi wa Juni jibu lilikuja. Nelvine alilisoma kwa sauti uani. Alikuwa amechaguliwa! Chuo cha Ayalandi kiliuliza pia kama Mama Rachael angekubali barua yake isomwe darasani.

"Isomwe kwa wazungu?" Rachael alipiga kelele. "Waambie wasome kwa sauti!"

Kogo aliimba. Kipkurui alitembea kutoka mwisho mmoja wa ua hadi mwingine, akimwambia kila jirani aliyepita njiani, "Binti yangu anajulikana kwa kazi yake."

Ilibaki Nelvine kujibu kwamba anakubali, na mzazi aweke sahihi. Aliandika mistari mitano. Kipkurui alichukua kalamu.

"Ngoja," mama alisema. Wote wakamtazama. "Nisomee pale pa kurudi."

Nelvine alisoma: "Nitarudi nyumbani Julai 1997 kumaliza masomo yangu."

"Tena."

Alisoma tena. Mama alichukua kalamu kutoka mkononi mwa mumewe, akaandika jina lake herufi kwa herufi. Akakunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi na kuibonyeza kwa kiganja chake chenye rangi ya majani chai. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda Litein kwa miguu, Nelvine nyuma yake. Mbele ya posta aliitumbukiza barua, akaweka sikio kwenye sanduku mpaka akaisikia ikianguka.