Sifuri ya Chumba cha Chini

Kifaa kilikuwa kimefumbwa jicho, nacho kikaona.

Kilikuwa kipimo cha mwanga, kipya, cha kushika kiganjani, cha kupimia nyaya za kioo zipitishazo mawasiliano. Fundi alikitia betri, akabana kitufe cha kuwashia, akahesabu tatu, skrini ikawaka. Kifuniko cha mpira kilikuwa bado kimeziba tundu la kupokelea mwanga, hivyo namba ilipaswa kuwa sifuri. Ilikuwa saba.

Chumba kile cha chini ya jengo kilikuwa kimefungwa miaka mingi, na majini, viumbe walioumbwa kwa moto usio na moshi, hawachukii mahali palipoachwa. Kilinuka vumbi, na ndani ya vumbi, nywele zilizoungua.

"Shemeji," Fundi alinong'ona, "kinasoma saba gizani."

Shemeji, kaka wa mkewe na mwenzake wa kazi, alikuwa akimenya waya. "Tangu upate mtoto hulali, wewe. Leo saba, kesho utaona sabini. Taja jina la Mola wako, ukipe sifuri, twende. Dada anakusubiri."

Ndiyo kanuni yao: namba ikibaki jicho likiwa limefumbwa, fundi hubonyeza kitufe cha sifuri, na tangu hapo kifaa hukihesabu kilichokuwapo kuwa si kitu. Fundi akabonyeza. Jina la Mola alisahau kulitaja. Saba ikafutika, na pumzi ya moto ikatua shingoni mwake.

Wakapima nyaya, wakapanda ngazi, na kila Fundi alipokiacha kidato alikisikia kikikanyagwa tena, ilhali Shemeji alikuwa mbele yake, na harufu ile ikatoka nao juani, ikavuka nao mitaa, ikamfuata hadi mlango wa nyumba alimolala mwanawe wa siku tano, na hapo akasimama.

"Siingii. Nimetoka na kitu kule."

Safari hii Shemeji hakutania. "Basi pima."

Fundi akakiwasha kifaa, kifuniko kikiwa palepale. Sifuri.

"Umeona?" Shemeji alisema. "Hakuna kitu, shemeji. Ingia ukalale."

"Sifuri hii niliiweka kitu chenyewe kikiwapo," Fundi alisema. "Pasipo na kitu, namba itashuka chini ya sifuri. Chukua kifaa, uvuke barabara. Ikibaki sifuri huko, ni ubovu wa kifaa tu, nami nitaingia kwa mwanangu."

Shemeji akavuka. Akasimama mbele ya ukuta wa jirani, akainamia skrini, asiinue uso.

"Sema, ndugu yangu!"

"Imeshuka. Saba chini ya sifuri. Usiingie, shemeji. Nakuomba, usiingie."

Mlango ukafunguka. "Mnapigiana kelele gani barabarani?" Mke wa Fundi alisimama kizingitini, mtoto mikononi. "Hebu njoo umshike mwanao."

Fundi akarudi nyuma hatua tatu, mikono ameificha mgongoni, na mtoto yule, ambaye macho yake yalikuwa hayajajua bado kumfuata mtu, akayainua juu ya bega la baba yake, akaanza kukitazama kitu kikisogea, polepole, kikimpita baba, kikimpita mama, kikielekea ndani. Na Fundi akahisi shingo yake imepoa.