Asiguse Mausi

"Unga umeondoka."

Maneno mawili tu. Keji aliyasikia sikioni, kwenye kidude kilichofichwa chini ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya adui, Koboko mjini, saa nne asubuhi, akijifanya fundi wa kompyuta.

Hakushtuka. Siku hizi hakuna kilichomshtua.

Msemaji alikuwa Moris, bosi wake, aliyejichimbia katika chumba cha kupanga kule Mvara, Arua. Unga maana yake risasi. Lori moja la Isuzu, risasi chini, magunia ya unga juu, lilikuwa limeshika barabara ya mpakani. Kabla ya kufika kituo cha forodha cha Oraba lingechepuka porini, na huko nani angelipata? Zikivuka, risasi zingeishia katika vijiji vya ng'ambo. Katika kimoja cha vijiji hivyo mama yake Keji alikuwa akipalilia karanga.

Malori ya unga asubuhi hiyo yalikuwa mengi, yote yamefanana. Mtu mmoja tu alijua ni lipi, naye alikuwa amekaa pale pale mezani, anakunywa chai.

Lokule. Sajini wa zamani, tajiri wa malori, mwenye tumbo la kuheshimika.

"Fundi, bado?"

"Bado kidogo, mzee. Antivirus yako ilikuwa imekufa."

Keji akachomeka flashi.

Ndani yake kulikuwa na programu ya kusakinisha, na ndani ya programu, skripti fupi. Haikuvunja nywila. Ilijifanya mkono wa Lokule tu: inasogeza mausi yenyewe, inabonyeza, inachapa. Mtambo wa kufuatilia malori ulipokea amri kutoka kompyuta hii peke yake, tena baada ya Lokule kuweka alama ya kidole, na alikuwa ameshaiweka. Lori lenye mzigo alikuwa amelifungua kwenye skrini tangu asubuhi, analikodolea macho kama mama mkwe. Skripti ingeshuka kwenye menyu hadi "Zima injini", ithibitishe, basi. Litakalokufa barabarani ndilo lenyewe, na wanajeshi walikuwa wanangoja.

Kasoro ilikuwa moja. Mtu akigusa mausi kazi ikiendelea, mshale unakwenda kando na amri inapotea.

Keji akasimama, akaigeuza skrini upande wake, akabonyeza Enter.

Mshale ukaanza kutembea.

"Imeanza," akanong'ona.

"Asiguse mausi," Moris akajibu.

Lokule akaweka kikombe chini. "Ngoja nione lori yangu iko wapi."

Mkono wake ukaenda kwenye mausi.

Bastola yake, Glock, ilikuwa ndani ya mkoba. Haikuwa na faida. Walinzi wawili walikuwa mlangoni, na simu moja tu kwa dereva ingemaliza kila kitu.

"Mzee, kwani hukumbuki mimi? Mimi dada ya Lado. Ule alikuwa dereva yako."

Mkono ukasimama hewani.

"Lado! Ule mutu ya kucheka sana! Iko wapi siku hizi?"

"Lado alikufa, mzee."

Koboko habari ya kifo haipokelewi umekaa. Lokule alisukuma kiti, akaizunguka meza, akaushika mkono wa Keji kwa mikono yake yote miwili. Na ukishashikwa hivyo unasimulia msiba tangu mwanzo, na anayekupa pole hakuachii mpaka ufike kaburini. Keji alilijua hilo. Ndilo alilolitaka.

"Alikufa namna gani?"

Akasimulia. Hakutunga hata neno. Lado alikwenda ng'ambo kumtazama mama. Alikuwa anakata nyasi za kuezekea. Risasi ilitoka upande wa barabara.

Nyuma ya Lokule, menyu ikafunguka yenyewe.

"Nani alimupiga?"

"Hatujui."

Lokule akainamisha macho. Mtandao wa Koboko ulikuwa unajikokota. Mstari wa kuthibitisha ulijaa nusu, ukagoma. Keji akaendelea. Walivyombeba kwa pikipiki. Mama alivyokataa kumfunika uso. Aliyasema kwa sauti ile ile ambayo mtu husomea bei ya sukari, akajisikiliza kama vile anayesema ni mwingine.

"Mulizika wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

Mstari ukajaa. Skrini ikaandika: INJINI IMEZIMWA.

"Poleni sana," Lokule akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli. Simu yake ikalia. "Mukubwa," dereva akapiga kelele, "gari imezima kwa lami! Askari iko hapa!"

Nje, Land Cruiser mbili za jeshi zikafunga breki. Walinzi wakalala chini bila kuombwa. Alipogeuka, Lokule alikutana na mdomo wa Glock.

"Kaa chini, mzee."

Alikaa. Hakuitazama bastola, alimtazama Keji usoni. "Na hiyo ya Lado, ulinidanganya?"

Keji alichomoa flashi, akawaachia wanajeshi chumba, akatoka juani.

"Tumelipata," Moris akasema sikioni. "Masanduku kibao. Kazi safi! Lakini ile ya kaka, Keji, imenimaliza. Karibu nilie. Uliitunga saa ngapi?"

Keji akafunga zipu ya jaketi.

"Njiani," akasema, akapungia boda.