Mdhamini wa Namba Kumi na Moja

Alhamisi, saa nne asubuhi

Mchongo ulipangwa juu ya magodoro ya watu.

Mengine yalirundikwa hadi karibu na dari, katika chumba cha nyuma cha fremu moja ya duka kule Chimwaga, mjini Dodoma. Pembeni cherehani tatu, friji, runinga zimegeuziwa ukuta, na kiti cha magurudumu. Jamani, hata kiti cha magurudumu! Vyote dhamana. Mbele ya fremu kilining'inia kibao: Mikopo ya Haraka, Kitambulisho Chochote. Mtaani watu walikuwa na jina lao la mikopo ya aina hiyo. Kausha damu.

Anyitike alikaa ukingoni mwa godoro, matako nusu. Macho yake hayakutoka kwenye kona, ilikolala mashine ya mtumbwi yenye mkwaruzo ubavuni. Mashine yake mwenyewe.

"Rudia," Stanley akasema.

Stanley alikuwa mkusanya madeni wa ofisi hiyo. Alishakula jela mara mbili na hakuona haya kusema hivyo.

"Mwaka mzima sanduku la kikundi halina kitu," Anyitike akasema. "Pesa ziko mikononi mwa watu, zimekopeshwa. Siku ya mgawo ndiyo zinarudi zote. Jumamosi, saa tisa alasiri."

"Kufuli?"

"Tatu. Kila ufunguo na mama wake. Robo saa baada ya kuanza, zote zimefunguliwa."

"Mlinzi?"

"Hakuna. Kuna akina mama tu."

Stanley akacheka. Abubakari hakucheka. Huyu alikuwa dereva wa pikipiki, mtu wa Kondoa, mwenye ndevu na maneno ya kuhesabu. Alikuwa mlangoni anafuta helmeti yake na kitambaa.

"Mama yangu yuko kwenye kikundi kama hicho," akasema.

"Kwani nimekuambia tunamwibia mama yako?" Stanley akamkata. Akamgeukia Anyitike. "Deni lako linafutwa. Mashine unabeba. Tumeelewana?"

"Mimi nimewaelekeza. Siendi."

"Unakwenda. Mwenye mikono safi ana mdomo mrefu. Ukinichoma, mwanangu, nakuzika."

"Watu watatu ni mshikaki," Abubakari akasema polepole. "Kwenda tutakwenda. Kukimbia, pikipiki inataka wawili."

Anyitike angelisikia hilo neno vizuri, labda hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini yeye alikuwa anaangalia mashine.

Msimwone mbaya upesi. Anyitike alikuwa mvuvi bwawani Mtera mwaka wa sita. Alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, baba Mmalawi, mama wa Kyela, na maombi yake ya kitambulisho cha taifa yalikuwa yanazungushwa tangu afike. Binti yake, Miriam, alipojikunja kwa tumbo na daktari akasema apasuliwe, Anyitike alikimbilia benki. Una mshahara? Mvuvi ana mshahara gani! Una kitambulisho? Una hati ya kiwanja? Akatoka. Akaenda kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, pale kambi ya wavuvi. Kikundi kilitaka wadhamini wawili, akapata mmoja, Mama Dorkasi, mwenyekiti. Wa pili hakupatikana. Mtu wa kuja, leo yupo kesho kavuka mpaka, nani atamwekea shingo? Angelina, katibu, alimwambia hivyo usoni, mbele za watu.

Ndipo akaenda Chimwaga. Pesa alipewa mchana ule ule, mashine ya mtumbwi ikabaki. Miriam alipasuliwa Jumanne, Ijumaa akafariki.

Mtoto akafa, deni likaishi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu maskini alikopa akiwa analia na akalipa akiwa analia. Bila mashine akawa kibarua kwenye mitumbwi ya wenzake, na kila wiki riba ilizaa riba, mpaka Stanley alipomjia na sauti ya upole na kumwuliza kuhusu sanduku.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni

Anyitike alimkuta Mama Dorkasi anageuza samaki juu ya wavu, moshi umemzunguka. Mjane wa Kigogo, mrefu, mwenye ng'ombe wawili na jicho lisilokosa kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamezama hivyo? Emiliana hakupikii?"

"Ananipikia." Emiliana alikuwa mkewe. Tangu msiba alipika, lakini yeye mwenyewe hakula. "Mama, kesho sitakuwepo. Naenda mjini, kuna kazi."

Mama Dorkasi akaacha samaki. "Kesho usikose, Anyitike. Kuna jambo lako."

"Jambo gani?"

"Jambo la kikundi halisemwi kabla kikundi hakijakaa. Wewe si mgeni wa kanuni."

Kanuni alizijua. Kikundi kile kilikuwa na kanuni nyingi kuliko kambi ya jeshi. Kila mwanachama alikuwa na namba, alikaa kwa namba, aliitwa kwa namba. Ukichelewa, faini. Simu ikilia, faini. Asiyekuwepo aliitikiwa na mdhamini wake, na alichodaiwa siku hiyo mdhamini alikilipa. Na siku ya mgawo mkopo hautoki, hata ulie machozi ya damu.

Basi jambo lake lingekuwa nini, kama si kufukuzwa? Michango yake ya kila wiki ilikuwa nyuma. Watamsimamisha mbele ya watu, Angelina atasema yale yale ya mtu wa kuja. Hivyo ndivyo alivyowaza, na alikosea, na kosa hilo ndilo lililomla.

"Nisipofika?" akauliza.

"Nitakuitikia mimi. Mdhamini ni wa kazi gani?" Akamfungia samaki wawili kwenye kipande cha mfuko wa saruji. "Mpelekee Emiliana. Mwambie ale, nimesema mimi."

Neno lilimpanda Anyitike hadi kooni. Mama, msije kesho. Mama, ahirisheni. Akalimeza. Alishukuru, akapokea samaki, akaondoka. Njiani alijichukia.

Jumamosi, saa nane mchana

Mshikaki. Abubakari mbele, Stanley katikati, Anyitike nyuma anapigwa na upepo wa Dodoma na vumbi lake jekundu. Helmeti za kufunika uso. Makoti mazito. Glavu. Stanley alikuwa na bastola kiunoni na begi tupu mgongoni.

Kabla ya mteremko wa bwawa wakasimama wakojoe.

"Hakuna kumwaga damu," Anyitike akasema.

"Hakuna atakayemwagika akikaa kimya," Stanley akajibu. "Na wewe usifungue mdomo. Sauti yako wanaijua. Ukisema neno moja umejiua."

"Sitasema."

Abubakari aliwaangalia wote wawili, kisha akatazama maji. "Mungu atusamehe," akasema, akawasha pikipiki.

Saa tisa na robo

Kikundi kilikutana katika banda la kupimia samaki, bati juu, ukuta wa kiuno pande zote. Wanaume wengi walikuwa majini au kwenye nyavu. Akina mama walikaa kwa mistari, kanga mpya, maana mgawo ni sikukuu. Wengine walishapanga ada za watoto. Wengine bati. Sanduku lilikuwa wazi mezani.

Stanley aliruka ukuta, bastola mbele.

"Chini! Wote chini!"

Vilio vikapasuka. Mmoja akakimbilia mlangoni, akajikwaa, akaanguka juu ya mwenzake. Kiti kikavunjika. Anyitike alishafika mezani na begi, anazoa mabunda kwa mikono miwili, hatazami mtu. Alijua bila kutazama nani kakaa wapi. Kulia, hatua mbili tu, ilikuwa sauti ya Mama Dorkasi anahema.

Makelele yakazidi. Upande wa maji mtu akaita, kulikoni huko?

Stanley akamwelekezea Mama Dorkasi bastola. "Bibi! Nyamazisha watu wako, au naanza na wewe!"

Mwanamke yule alifanya kitu kimoja alichokijua cha kutuliza watu wake.

"Kaeni kwa namba zenu," akasema. Sauti haikupanda. "Angelina. Ita."

"Mama..."

"Ita, nimesema."

Angelina akaita. "Moja."

"Nipo."

"Mbili."

"Nipo."

Na kweli, loo, wakatulia. Miaka yote ile, kila Jumamosi, namba ziliwaketisha. Walilia kimyakimya, lakini kila mmoja aliitika. Stanley akacheka ndani ya helmeti. Anyitike alikuwa anazoa. Bunda, begi. Bunda, begi. Jasho lilimwingia machoni. Kichwani mwake hamkuwa na pesa. Alikuwamo Miriam, amekaa mapajani mwake kwenye mkutano kama huu, anaitika namba ya baba yake kwa sauti kubwa, na akina mama wanacheka.

"Kumi."

"Nipo."

"Kumi na moja."

Mama Dorkasi alifungua mdomo amwitikie mtu wake aliyekwenda mjini.

"Nipo," ikasema helmeti.

Vichwa vyote vikageuka.

Halikuwa neno alilolifikiria. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema amina. Alisimama na bunda mkononi, akageuka, na kupitia kioo cha helmeti alimwona Mama Dorkasi anamtazama. Macho yale hayakuwa na hasira. Afadhali yangekuwa nayo.

"Anyitike?" akasema. "Mwanangu, ni wewe?"

Stanley alimfikia kwa hatua moja, akamnyang'anya begi.

"Nilikuambiaje? Nilikuambiaje, mjinga wewe?"

"Stanley, twende, tuondoke tu..."

Na hapo akaongeza kosa juu ya kosa, maana alitaja jina. Bastola ikalia mara moja. Ilisikika ndogo kuliko alivyodhani. Akakaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza, akaona koti lake linalowa tumboni.

Nje, Abubakari alikuwa anapiga resi. "Na mwenzetu?"

"Hana safari. Endesha!"

"Stanley, umempiga?"

"Nimesema endesha!"

Pikipiki ilisita. Anyitike alisikia kusita kule, wala hakujidanganya. Kisha ikaondoka, watu wawili, nyepesi, ikapanda mteremko kuelekea barabara ya Iringa. Ada za watoto zikaenda. Bati zikaenda.

Saa tisa na nusu

Wavuvi walikuja mbio na makasia na mapanga. Waliposikia ni nani, walizidi kuchemka. Kikulacho ki nguoni mwako, mmoja akapiga kelele, mtoeni nje tummalize! Alikuwa mtu aliyevua naye mtumbwi mmoja juzijuzi tu.

Mama Dorkasi alikuwa amepiga magoti. Alishamvua helmeti, amekunja kanga yake mpya, anagandamiza jeraha kwa mikono miwili.

"Atakayemgusa aanze na mimi," akasema bila kuinua kichwa. "Huyu ni mwanachama. Ana makosa, ana kikundi chake. Nendeni mkatafute gari. Na polisi waiteni."

Walisimama. Kasia likashuka. Mtu mmoja akaenda kutafuta gari.

"Mama," Anyitike akasema, "nisamehe."

"Usiongee."

"Mlitaka kunifukuza. Ndiyo maana..."

"Nani kakuambia?" Sasa alilia, mwanamke yule, waziwazi, machozi yakimdondokea Anyitike shingoni. "Nani kakuambia, mwanangu? Tulivunja kanuni kwa ajili yako. Leo. Pesa yako ilikuwa itoke kwanza, kabla ya mgawo wa mtu yeyote, ukakomboe mashine. Mdhamini wa pili alishapatikana."

"Nani?"

Mama Dorkasi akaonyesha kwa kidevu. Angelina alikuwa amesimama nyuma ya meza, mkono mdomoni. Alipoona anatazamwa, akafunika uso kwa pindo la kanga.

Anyitike akafumba macho. Maumivu ya risasi yalikuwa makali, lakini haya yaliyapita. Laiti angekuja kwa miguu yake, na uso wake, akakaa kwenye kiti chake. Sasa watu hawa wote wangerudi nyumbani mikono mitupu. Emiliana angeambiwa na nani? Angekula sasa lini?

Gari lilifika, pikapu ya kubebea barafu. Polisi wawili walikuja nalo, waliookotwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wakamlaza nyuma juu ya magunia mabichi. Wakamlaza nyuma juu ya magunia mabichi. Kanga ya Mama Dorkasi ilibaki tumboni mwake.

"Kwanza tujue kama wote wazima," akamsikia mama yule akisema ndani ya banda. "Kaeni. Angelina, ita tena."

Injini ikawashwa, ikakohoa, ikazimika. Dereva akatukana. Katika kimya kile sauti zilimfikia waziwazi, moja baada ya nyingine, zimechoka.

"Tisa."

"Nipo."

"Kumi."

"Nipo."

Dereva akajaribu ufunguo tena, injini ikakataa. Kisha Angelina akaita, kwa sababu ndiyo kanuni.

"Kumi na moja."

Anyitike alitaka kuitika. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

"Mdhamini wake yupo," akasema Mama Dorkasi. "Kinachodaiwa nitalipa mimi. Nina ng'ombe wawili."

Mtu mmoja alipenga kamasi.

"Kumi na mbili," Angelina akaita.