Sumaili Si Jina la Kwetu

Jeannette alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwake katika mtaa wa Kasuku mjini Kindu, pikipiki iliposimama mlangoni. Kijana aliyeshuka alivua kofia, akaamkia kwa adabu. Jeannette aliendelea kutwanga. Siku hizi mgeni mwenye adabu nyingi ana lake jambo.

"Shangazi, mimi ni Sumaili," kijana alisema. "Mutoto ya Célestin."

Mchi ulisimama. Célestin alikuwa kaka yake Jeannette. Mwaka 1998, vita vilipofika Kindu, alikimbia na mkewe Euphrasie na mtoto wao Gédéon, wa miaka miwili. Habari zilirudi kwamba Célestin ameuawa njiani. Za mke na mtoto hazikurudi kabisa. Familia iliwalilia wote watatu.

Félicien, mume wa Jeannette, alitoka ndani akamwuliza mgeni majina ya babu zake. Kijana hakuyajua. Alijua la baba na la mama tu. Mama alifia kijijini Tunda, yeye akiwa mdogo. Sasa anaishi Punia, na mkewe amezaa mtoto wa kiume. Amekuja kutafuta jina la ukoo la kumpa.

"Kwetu kila mutoto anabeba jina ya babu ao bibi," Félicien alisema. "Sumaili haiko jina ya kwetu. Weye unatafuta parcelle."

Parcelle, yaani kiwanja walichokaa, kweli ilikuwa ya Célestin, na wao walikuwa wamejenga juu yake. Basi walimpa mgeni maji, lakini hawakumpa kiti.

Kesho yake Jeannette alikwenda kwa jirani yake Nathalie, anayetunza vitabu vya ubatizo parokiani. Alimweleza linalomsumbua. Kama kijana ni mwongo, atawaibia. Kama si mwongo, anamfukuza mtoto wa kaka yake.

"Mulimuuliza jina yake njo ya babu gani," Nathalie alisema. "Mulimuuliza nani alimupa?"

Hawakuuliza. Waliwaita Félicien na kijana parokiani, naye kijana akaeleza. Mzee Sumaili wa Tunda, muuza chumvi, aliwaficha yeye na mama yake. Askari wa vizuizini walimjua mzee huyo, wakamwacha apite na mtoto aliyesema ni wake. Hivyo akampa jina lake. Jeannette alimwuliza kwa nini hakusema hayo mapema.

"Hamukuniuliza, shangazi."

Félicien alicheka. Hadithi kama hiyo, alisema, hata yeye angeweza kuitunga. Nathalie hakumpinga. Alisema mashaka ni mazuri, ila lazima yafanye kazi. Alimtoa kijana nje, akafungua kitabu cha mwaka 1996. Mle mliandikwa Gédéon, siku ya ubatizo, wazazi, na msimamizi wa ubatizo, Jeannette mwenyewe. Félicien alichungulia wino kwa makini.

Nathalie alieleza kwamba karatasi moja haitoshi. Wanahitaji nyingine, iliyoandikwa mahali pengine na mtu ambaye hakuiona hii. Zikikubaliana, ndipo waamini. Aende Félicien Tunda, kijana abaki, asije akamwandaa mtu.

"Na ukifika kule, usitaje jina," alimwonya. "Uliza, kisha unyamaze."

Félicien alirudi baada ya siku nane, amejaa vumbi. Mzee Sumaili alifariki mwaka 2002, lakini binti yake mkubwa yupo. Félicien alimwuliza jambo moja tu: je, baba yake aliwahi kuficha mtoto wakati wa vita? Mama huyo alitoa sandukuni daftari la nyumba, ambamo baba yake aliandika vizazi, ndoa na vifo. Yeye hajui kusoma. Alilitunza tu miaka yote hiyo, wala hakuna aliyelifungua. Félicien alikagua kurasa za mbele na za nyuma, mwandiko ni uleule. Akaupiga picha ukurasa.

Nathalie aliweka simu kando ya kitabu cha ubatizo. Jeannette alisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata maneno:

"Mtoto huyu ni Gédéon. Alibatizwa Kindu, Pasaka ya 1996. Baba yake ni Célestin, mama yake Euphrasie. Nimemwita Sumaili ili apite vizuizini. Vita vikiisha, apelekwe kwa Jeannette, dada ya baba yake, aliyemsimamia ubatizo."

Siku ya ubatizo ilikuwa ileile. Wazazi walewale. Lakini Jeannette hakuwa akilinganisha tena. Alilia kwa aibu. Mtu asiyemjua alimtumaini, naye alikuwa amemnyima mtoto kiti.

Alirudi nyumbani, akabeba kiti kizuri cha sebuleni, akamwekea kijana uani. Félicien alimwonyesha upande wa kiwanja atakaojenga. Kijana alisema yeye alifuata jina tu.

"Vyote viwili ni vya baba yako," Jeannette alimjibu.

Jumapili Félicien alinunua daftari. Waliandika majina ya ukoo, na kando ya kila jina, nani alilitoa na wamelijuaje. Walipofika kwa mtoto wa Punia, Félicien alitaja majina ya babu watatu ili kijana achague. Jeannette alikataa yote matatu.

"Andika Sumaili," alisema. "Yeye pia njo babu yetu."

Félicien aliliandika jina la mzee kwenye mstari wa mababu, na chini yake la mtoto. Kisha akamgeukia kijana, akaomba kuona cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo.