Mfalme Aliyeitwa Mara Tatu

Iliyotangulia kuingia ni harufu ya mto. Johannesburg haina mto unaostahili jina hilo, na katika kipupwe kile hata midomo ya watu ilipasuka kwa ukavu. Lakini Ruphin alipofungua mlango wa nyumba yao ya ghorofani, mtaa wa Braamfontein, alilakiwa na harufu ya tope bichi na ngozi ya kondoo iliyoloa. Alikuwa mwanasheria, tena wa aina isiyokubali jambo kabla ya kulipima. Akakagua mabomba: yalikuwa mazima. Akagusa zulia: kavu. Akahitimisha kwamba ipo sababu ambayo bado haijapatikana, akavua koti.

Kutoka chumba cha kazi alimsikia mkewe akicheka kwa sauti ya chini, kicheko cha mtu aliyenong'onezwa jambo.

Murielle alikuwa mhadhiri wa historia, na tangu mwaka uliopita alikuwa akiandika riwaya kuhusu jambo ambalo halikutokea: kwamba Wayahudi wa Ulaya ya Zama za Kati, badala ya kufukuzwa mji hadi mji, walipata ufalme wao kando ya mto Rhine, chini ya mfalme aliyeitwa Elyakimu. Ruphin aliwahi kumuuliza yeye, mzaliwa wa Bukavu kule Kongo, ana lipi na Wayahudi wa Rhine. Murielle alimjibu kwamba naye anajua maana ya kugongewa mlango na watu wenye mapanga.

"Nataka kuwapa lango, Baba Gaëlle," alisema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa akisoma Cape Town. "Lango wanalolifunga na kulifungua wenyewe."

Angeishia hapo, Ruphin asingekuwa na neno. Lakini alianza kumsifu Elyakimu mezani. Elyakimu husikiliza pande zote kabla ya kuamua. Elyakimu hushuka langoni mwenyewe, funguo zikining'inia kiunoni, kumpokea mgeni. Elyakimu hamkatizi mkewe anapozungumza. Ruphin, ambaye punde tu alikuwa amemkatiza mkewe, aliweka uma chini. Wivu ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki: mdogo, hauonekani, na kila tonge linaufukia zaidi.

Jioni iliyoitangulia ile harufu, uvumilivu ulikuwa umemwishia. Murielle alikuwa akimsomea ukurasa mpya, naye akamwambia kwamba mwanamume anayesifiwa hivyo ndani ya nyumba ya mtu sharti afike ajieleze. Akaenda akafungua mlango wa mbele, na kama afanyavyo tarishi wa mahakama anapomwita mhusika asiyeonekana, akaliita jina la Elyakimu kwenye korido, kwa sauti kavu ya kazi, mara tatu. Mahakamani, aitwaye hivyo asipoitika hupoteza kesi.

"Hakufika," akatangaza aliporudi. "Hukumu inatolewa dhidi yake."

Murielle hakucheka. Alitazama nyuma ya bega la mumewe. "Mbona mlango hukuufunga?"

Baada ya harufu zikaja nyayo: viatu vya ngozi vilivyoloa, vikipita polepole kati ya sebule na chumba cha kazi, na pamoja navyo mlio wa funguo nzito zikigongana kiunoni. Ruphin aliwashuku majirani wa juu, kisha sakafu ya mbao, kisha, kwa kuwa mwiba ulikuwa bado kooni, akamshuku mkewe. Siku aliyorudi mapema kutoka ofisini kwake Sandton akasikia mnong'ono wa mwanamume nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, hakungoja ushahidi zaidi; aliusukuma mlango akamkuta Murielle peke yake, na mbele yake kiti kilichovutwa karibu, karibu kuliko alivyowahi kuketi yeye katika ndoa yao yote, na alipoweka kiganja juu ya kiti hicho alikikuta kina unyevu na kina joto.

"Yuko wapi uliyekuwa ukizungumza naye?"

Murielle alimkodolea macho, na sauti yake ikashuka. "Si ni wewe? Uliketi hapo sasa hivi, ukaniomba nikusomee."

Ruphin alikwenda mtaa wa Mayfair peke yake, kwa Sheikh Fahad, Mrundi mwenye chuo cha Kurani na sifa ya kuwatoa majini. Alikwenda akiwa na hoja za kumpinga, lakini Sheikh aliuliza maswali tu, kama wakili mzuri amhojivyo shahidi, mpaka yakabaki mambo ambayo Ruphin mwenyewe asingeweza kuyakana.

"Mfalme wa mkeo hana hatia," Sheikh alisema hatimaye. "Ni mtu wa kubuniwa, na wema wake ni wema wa mkeo. Aliyekuja ni jini asiye na jina wala makao. Ulimwita, ukamwachia mlango wazi, akavaa alichokikuta kizingitini. Na aliyekuwa amesimama kizingitini ni wewe."

Dawa ilikuwa moja. Aliyemwita sharti amwondoe: asimame mlangoni, mkewe akisikia, akiri wivu wake na kuyafuta madai yake.

"Bila sharti, wakili. Nawajua ninyi, hata radhi mnaiandikia vifungu."

Ruphin alifanya hivyo. Alisimama mlangoni akakiri kila kitu, na Murielle, nyuma yake, alilia kwa namna ya mtu aliyengoja muda mrefu. Kadiri alivyosema, harufu ilipungua, na nyayo zikaelekea nje, zikampita ubavuni na baridi yake, zikaanza kushuka ngazi. Likabaki neno la mwisho. Hapo akakikumbuka kile kicheko cha chini chumbani, ambacho yeye hajawahi kukisababisha, na mazoea ya kazi yakamjia ulimini.

"Nayaondoa madai yangu yote," alisema, "bila kuathiri haki yangu ya kuyafungua upya."

Kwenye ngazi, nyayo zikasimama.

Lakini harufu ilikuwa imekwisha, na Murielle alikuwa amemkumbatia, basi Ruphin akaona hakuna haja ya kutaja kwamba nyayo hazikuimaliza ngazi.

Siku zikapita kwa amani. Kisha alasiri moja, jua likiwa bado linawaka madirishani, Ruphin alirudi kutoka kazini akakuta ufunguo wake haugeuki kitasani. Kutoka chini ya mlango ilipanda harufu ya mto. Ndani, Murielle alikuwa akisoma kwa sauti, akacheka, akaendelea, na hakuna aliyemkatiza. Ruphin akagonga.

"Nani?"

"Mimi. Baba Gaëlle."

Murielle alikuja hadi mlangoni, akajibu kwa mnong'ono wa hofu, midomo ikiwa karibu na ubao wa mlango, kama wanavyonena watu waliowahi kugongewa mlango kwa ubaya. "Baba Gaëlle yuko hapa. Tumeshinda naye tangu asubuhi. Nenda zako, ewe kitu, kwa jina la Mungu."

Alitaka kumweleza, alitaka kumtajia kila alijualo mume peke yake, lakini kabla hajapata neno la kwanza, sauti nyingine, sauti yake mwenyewe, kavu, ya kazi, iliita kutoka ndani:

"Ruphin."

Akafumbua kinywa aitike, kinywa kikajaa maji baridi yenye ladha ya tope.

"Ruphin."

Akapiga mlango kwa viganja vyote viwili, maji yakimtiririka kidevuni, na viganja havikutoa mlio.

"Ruphin."

Sauti ikangoja kidogo, kama sheria inavyotaka.

"Hakufika," ikasema.

Kisha ndani zikasikika funguo nzito zikigongana, na komeo likasukumwa, taratibu, kama la lango.